Jirani Akibadili Kibao: Namna ya Kushindana na Kampuni Iliyo Katika Mageuzi

  Waandalizi wameniomba nizungumze Kiswahili. Mambo ya ushindani wa biashara katika mji wetu wa Goma husemwa kwa Kifaransa, hotelini, mbele ya watu ambao tayari wana washauri wao.

Lengo la mhadhara huu ni kujibu swali ambalo wengi wenu, wa COOPEC (vyama vya ushirika vya akiba na mikopo), wa AVEC (vikundi vidogo vya kuweka na kukopa) na wa sokoni, mmekuwa mkiniuliza kwa njia mbalimbali. Kampuni kubwa mnayoshindana nayo imeuzwa, au imeungana na nyingine, au imebadilishiwa wakubwa, au imefunga matawi. Wewe uliye mdogo ufanye nini? Ukae kimya ukingoje ianguke? Ushushe bei? Uwachukue wafanyakazi wake? Nitasema mapema ninakoelekea, ili asiyekubali aanze kuandaa maswali. Kampuni ikiwa katika mageuzi, kitu cha kwanza kuiponyoka ni ujuzi wa mteja: yule mtu wa ndani aliyemjua mteja kwa sura, kwa soko lake na kwa majira yake ya kupata na kukosa. Ujuzi huo hauandikwi kwenye mkataba wa ununuzi wala hauhamishwi pamoja na majengo. Anayeweza kuuokota ni aliye karibu.

Mifano yangu mingi itatoka kwenye benki na simu, kwa sababu huko mageuzi yameonekana waziwazi. Mwenye depo, mwenye boti na mwenye duka la dawa watapata yao humo humo. Na tusisahau biashara za familia: mzee akifariki, watoto wakagawana maduka, hayo nayo ni mageuzi, tena mara nyingine makali kuliko ya benki.

1. Kibao kipya si tangazo la msiba

Tuanze kwa kukumbushana. Mliokuwa na simu za Celtel mliamka mwaka 2008 mkaambiwa ni Zain, na mwaka 2010 mkaambiwa ni Airtel, baada ya Bharti ya India kununua biashara ya Zain katika nchi nyingi za Afrika kwa dola bilioni 10.7. Namba yako ya 099 haikubadilika. CCT ya Wachina ikawa Orange mwaka 2012, na mwaka 2016 Orange ikainunua Tigo kwa dola milioni 160. Upande wa benki, Equity ya Kenya iliingia nchini mwaka 2015 kwa kununua sehemu kubwa ya ProCredit. Mwaka 2020 ikalipa dola milioni 95 kupata asilimia 66.53 ya BCDC, benki iliyoanza mwaka 1909 wakati wa Wabelgiji, kisha ikaziunganisha mbili hizo zikawa EquityBCDC. Desemba 2022, KCB, nayo ya Kenya, ikachukua asilimia 85 ya TMB. Lakini KCB haikugusa jina. Milango ya TMB ilibaki na maandishi yake.

Kwa nini nawachosha na orodha hii? Kwa sababu kila mara kibao kilipobadilishwa, nilisikia mtaani Birere maneno yale yale: "Hao wamekwisha." Hawakwisha. Anayenunua kampuni kwa mamilioni haji kulala. Huenda akawa mkali zaidi katika miezi ile ile mnayodhani amechanganyikiwa.

Tazameni Kenya. Agosti 2010, mamlaka ya mawasiliano ilishusha ada ambayo kampuni za simu hulipana kwa kuunganisha simu, kutoka shilingi 4.42 hadi 2.21 kwa dakika. Zain ya Kenya ilikuwa imeingia mikononi mwa Bharti miezi michache tu iliyotangulia, jina jipya lilikuwa bado halijabandikwa, wafanyakazi hawajui nani atabaki. Ni kampuni hiyo hiyo iliyotangaza shilingi 3 kwa dakika kwenda mtandao wowote, na kuilazimisha Safaricom, iliyokuwa kileleni, kushusha bei zake. Safaricom wakati ule ilikuwa inajiandaa kubadili mkurugenzi: Michael Joseph alimwachia Bob Collymore Novemba mwaka ule. Kwa hiyo kampuni zote mbili zilikuwa katika mageuzi, na iliyobadilika zaidi ndiyo iliyopiga kwanza.

Basi kabla ya kufanya lolote, uliza: mwenye mali mpya analeta fedha au anakuja kukamua? Hilo linaonekana kwa macho, bila kusoma hesabu za kampuni. Anayeleta fedha huajiri, huongeza mawakala, hupaka rangi hadi tawi la Sake. Anayekamua huunganisha ofisi mbili kuwa moja, huacha mtu akistaafu bila kumweka mwingine, na huanza kutoza ada kwa kitu kilichokuwa bure. Wengi hufanya yote mawili kwa pamoja, katika mitaa tofauti. Ndiyo maana mtu asiwaambie habari za kampuni nzima. Angalieni tawi lililo mbele yenu.

2. Kinachopotea ni mtu

Hapa naomba mnivumilie, nitakawia kidogo.

Benki mbili zikiungana, kazi ya kwanza ni mifumo ya kompyuta. Akaunti za huku zihamie kule, namba zibadilike, kadi zibadilike. Kisha matawi: mawili yanayotazamana barabara moja hayana faida, moja linafungwa. Kisha madaraka. Mkopo ambao mkuu wa tawi la Goma alikuwa akiusaini mwenyewe sasa unapelekwa kwenye kamati iliyo Kinshasa, kilomita zaidi ya elfu moja na mia tano kutoka hapa, ambako hakuna aliyewahi kuvuka soko la Kituku saa kumi na mbili asubuhi. Na katikati ya hayo yumo afisa wa mikopo ambaye hajui kama kazi yake itakuwapo mwezi ujao. Mtu wa namna hiyo hasaini kitu. Akikataa mkopo mzuri hakuna atakayemwuliza, lakini akikubali mkopo mbaya, jina lake linakuwa la kwanza kwenye orodha ya wanaoondoka. Kwa hiyo anakataa, kwa heshima sana, na kumwambia mteja arudi wiki ijayo.

Tuchukue mama mmoja wa kuwaza tu, anayeuza sambaza kwa jumla. Wavuvi wa Kivu huwavua sambaza usiku kwa taa. Giza likiwa zito, samaki hukusanyika kwenye mwanga na mitumbwi hurudi imejaa. Mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, samaki hutawanyika, na siku kadhaa kila mwezi bei hupanda huku mzigo ukipungua. Mama huyu ana fedha tele wiki za giza na ana shida wiki ya mwezi mpevu. Afisa aliyemzoea alilijua hilo. Alipomwona amechelewa siku nne hakumpigia kelele. Alitazama juu, akangoja, na mama akaja kulipa bila kuitwa.

Sasa mfumo mpya unaingia. Unasema malipo ni tarehe 30. Kalenda ya benki na mwezi wa angani haziendi pamoja: mwezi wa angani una siku 29 na nusu, kalenda ina 30 na 31, kwa hiyo tarehe ile ile huanza ikiwa ndani ya giza na kidogo kidogo huhamia kwenye mbalamwezi. Mama analipa vizuri miezi kadhaa, kisha anaanza kuchelewa "bila sababu". Mfumo unamtia alama nyekundu. Afisa wa zamani amehamishiwa Bunia au ameacha kazi. Afisa mpya anaona alama nyekundu peke yake.

Huyu mama hajawa mteja mbaya. Amekosa mtu wa kumweleza. COOPEC iliyo hatua mia mbili kutoka mwaloni inaweza kumwandikia mkopo unaolipwa siku ya saba baada ya mwezi kuandama, badala ya tarehe 30. Hilo halihitaji kompyuta mpya. Linahitaji kalenda ya ukutani yenye alama za mwezi, kama zile zinazogawiwa misikitini, na mtu mmoja aliyewahi kulala ziwani. Benki kubwa haiwezi kulifanya hata ikitaka, kwa sababu kamati yake inapitisha bidhaa moja kwa Lubumbashi, Matadi na Goma kwa pamoja.

Mwenye viazi wa Masisi naye ana majira yake. Mwenye nguo za mitumba ana siku ya kufungua balo. Mwalimu ana Septemba ya karo za watoto wake mwenyewe. Kila mmoja wenu anayajua haya kiasi kwamba hayaoni kuwa ni mali. Ninachowaomba ni kuyaandika. Chukueni daftari, andikeni kwa kila aina ya mteja: anapata lini, anakosa lini, nani anamdhamini sokoni, akichelewa huwa kwa nini. Daftari hilo likikamilika mtakuwa na kitu ambacho jirani aliyebadili kibao alikuwa nacho kichwani mwa wafanyakazi wake na sasa amekipoteza.

Kuhusu kuwachukua wafanyakazi hao, nasikia minong'ono upande wa kushoto, nadhani mnataka nifike hapo. Ndiyo, mwajirini afisa mzuri aliyeachishwa au aliyechoka. Ni halali, na ni jambo jema kwa familia yake. Lakini mwajirini kwa ajili ya macho yake na uzoefu wake. Akija na orodha ya wateja na salio zao kwenye kifaa cha kompyuta, mrudisheni na kifaa chake. Siri ya mteja wa benki inalindwa na sheria, na nchi yetu ina sheria ya 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani inayokataza ushindani usio wa haki. Hata bila sheria, mteja akigundua kwamba habari zake zimehama bila ruhusa, atajua kwamba siku moja zitahama tena kutoka kwenu.

3. Pengo la muda na pengo la kudumu

Kampuni katika mageuzi huacha mapengo ya namna mbili, na wengi wetu hukimbilia lisilofaa.

Kuna pengo la fujo: foleni ndefu, kadi hazifanyi kazi, mtandao umekatika siku tatu. Hilo litazibwa. Mafundi watamaliza kazi, foleni itaisha, na mteja aliyekuja kwako kwa hasira atarudi kwao. Ukikodi nyumba na kuajiri watu kwa ajili ya pengo hili, utabaki na kodi.

Na kuna pengo la uamuzi: wakubwa wapya wamekaa, wamehesabu, na wameamua kwamba watu wa aina fulani hawawataki tena. Mikopo chini ya kiasi fulani imefutwa. Mji fulani umefungiwa tawi. Hilo halizibwi, kwa sababu limekusudiwa.

Mfano mzuri kuliko yote niujuao uko Tanzania. National Bank of Commerce ilikuwa jitu la serikali, karibu benki pekee ya wananchi kwa miaka mingi baada ya Azimio la Arusha la 1967. Mwaka 1997 iligawanywa. Upande mmoja ukabaki na jina la NBC, na mwaka 2000 uliuzwa kwa Absa ya Afrika Kusini. Upande mwingine, wenye matawi mengi ya wilayani ambayo wengi waliyaona mzigo, ukaitwa National Microfinance Bank, NMB. Haikupata mnunuzi upesi. Ni mwaka 2005 ndipo Rabobank ya Uholanzi na wenzake walipochukua hisa. Wakati huo huo CRDB, iliyobinafsishwa 1996 na kuongozwa na Charles Kimei tangu 1998 hadi 2018, haikukaa kushangilia kwamba jitu linakatwa vipande. Ilijenga uhusiano na SACCOS, vyama vya akiba na mikopo vya huko, ikawafikia kupitia vyama vyao wakulima na wafanyakazi wadogo ambao benki ya kawaida isingewakopesha mmoja mmoja.

Matokeo mnayajua, au mtayajua mkivuka Kigoma. Leo benki mbili kubwa kabisa za Tanzania ni CRDB na NMB. Moja ilikuwa mshindani mdogo aliyechagua watu walioachwa. Nyingine ni lile pengo lenyewe, matawi ya wilayani yaliyodhaniwa hayana thamani. NBC iliyochukua miji na jina la fahari ipo, inafanya kazi, lakini si ya kwanza tena. Na mwaka 2023 CRDB ilifungua benki Lubumbashi. Waliosoma somo lile sasa wamekuja kulitumia kwetu, na sidhani kama wataishia Katanga.

Mnatofautishaje mapengo haya mawili? Mpeni mteja aliyekataliwa swali rahisi: walikuambia urudi, au walikuambia hapana? Aliyeambiwa arudi yuko kwenye fujo. Aliyeambiwa "hatufanyi tena" yuko kwenye uamuzi, naye ndiye wa kumfuata. Msiridhike na mmoja. Wakiwa kumi wenye jibu moja kutoka matawi tofauti, hapo kuna biashara.

4. Kinachomfunga mteja

Wafanyabiashara huniambia: "Huduma yetu ni bora, wateja wanatusifu, lakini hawahami." Sifa hazimhamishi mtu. Tafuteni kinachomfunga.

Mwenye depo ya bia anaelewa haraka. Amelipa amana ya kreti na chupa tupu za kampuni moja. Kampuni nyingine haizitaki. Hata kama mgavi wake ameanza kuchelewesha magari kwa sababu ya mabadiliko ya wakubwa, yeye hahami, kwa sababu mamia ya dola zake zimekaa uani zikiwa tupu. Wa kumwambia "bia yetu tamu" anapoteza wakati. Wa kumwambia "nitakukopesha kreti za kwanza ishirini, ulipe baada ya miezi mitatu" anaondoka na oda.

Kwa mtumishi wa serikali, kifungo ni mshahara. Tangu 2011 serikali ilipoanza kulipa mishahara kupitia benki, mwalimu hachagui sana: mshahara unapotua ndipo alipo. COOPEC haiwezi kuuhamisha. Inaweza kumpokea siku ile ile mshahara unapotua, kumwekea akiba ya karo, na kumwacha aendelee na benki yake kwa lililobaki. Usilazimishe mtu kuachana na jirani. Kwa mfanyabiashara mwenye nyumba, kifungo ni hati iliyofungiwa kabatini mwa benki hadi mkopo uishe. Huyo mwacheni, mtafuteni siku hati itakapotoka, na andikeni siku hiyo kwenye daftari.

5. Bei na ulimi

Hapa nitapita haraka. Msishushe bei. Turudi Kenya: vita ya 2010 iliwanufaisha wenye laini mbili mfukoni, waliopiga simu za bei nafuu na kubaki na M-Pesa yao. Faida ya Safaricom ilijeruhiwa lakini kampuni haikuondoka kileleni, kwa sababu M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikuwa imeshawafunga wateja kwa kitu kisicho bei ya dakika. Aliyeumia zaidi ni mdogo: yu, kampuni ya Essar, iliuzwa vipande mwaka 2014, wateja wakaenda Airtel, mitambo ikaenda Safaricom. Mdogo akianzisha vita ya bei na mkubwa mwenye bosi mpya anayetaka kujionyesha, ajue kwamba bosi huyo ana bajeti ya kujionyesha.

Na msiseme vibaya. Mwaka 2016 benki yetu ya BIAC ilipoyumba na watu kuwekewa kikomo cha kutoa fedha zao wenyewe, nani alifaidika? Wengine walihamia benki nyingine, ndiyo, lakini wengi waliondoka benki zote wakarudi kwenye godoro. Ukipanda shaka juu ya mwenzako kwenye biashara ya kuaminiana, utavuna na wewe. Isitoshe, mara nyingi mshindani mwenyewe atautaja udhaifu wake. Februari 2011 mkuu wa Nokia, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi wake kwamba wamesimama juu ya jukwaa linalowaka moto, maneno yakavuja, na siku chache baadaye akatangaza kwamba mfumo wa Symbian utaachwa. Simu mpya zilikuja Novemba. Miezi tisa wenye maduka walikuwa wakiuza simu ambazo mtengenezaji ameshatangaza kifo cha mfumo wake. Tecno haikuhitaji kusema neno. Ilikuwa tayari madukani na simu za laini mbili, jambo ambalo Nokia ilichelewa kulikubali, kwa watu wenye laini ya Vodacom na ya Airtel mkononi.

6. Mshindani anapotoweka

Nilijua mngeniuliza hili hata kama ningeliruka, kwa hiyo naliingiza. Yote niliyosema yanachukulia kwamba mshindani yupo, anabadilika. Mji wetu uliona zaidi ya hapo. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, benki zilifunga milango. Uwanja wa ndege ukafungwa. Noti zikapungua, kuukuu zikazidi, na waliohitaji fedha wakavuka Petite Barrière kwenda Gisenyi au wakapanga foleni kwenye kabini za M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Juni mwaka huo Heineken ilitangaza kwamba imepoteza udhibiti wa shughuli zake za Bukavu na Goma na kwamba imewaondoa wafanyakazi wake. Hayo si mageuzi ya kampuni. Mtu asije akasema nilihesabu balaa kuwa fursa.

Lakini biashara ilibidi iendelee, na ndani ya miezi ile mji uliwachuja watu. Kulikuwa na wenye kabini waliopandisha makato ya kutoa fedha kadiri foleni ilivyorefuka. Sitawahukumu wote: noti zenyewe waliziokota kwa gharama, na hatari ya kulala na fedha ilikuwa yao. Kulikuwa pia na wengine waliobandika makato ukutani yakasomeka, wakayafuata, na noti zilipokwisha wakasema zimekwisha. Mteja anawajua wote wawili kwa jina, na hatasahau mapema.

Kuna somo chungu zaidi, na linatuhusu sisi wadogo. Chama kilichoweka akiba yake yote kwenye akaunti moja ya benki kilijikuta kimefungwa siku ileile benki ilipofungwa, hata kama milango yake yenyewe ilikuwa wazi. Tulikuwa tukidhani tunashindana na benki, kumbe tulikuwa tumelala ndani yake. AVEC zenye sanduku na funguo tatu ziliendelea kukutana.

Benki inayorudi baada ya kufunga huwa imebadilika. Wafanyakazi waliotawanyika hawarudi wote. Mikopo ya zamani inakaguliwa upya, na mikopo mipya inatolewa kwa woga. Yaani inarudi ikiwa na mapengo yote mawili kwa pamoja, la fujo na la uamuzi, na watu wake wa zamani wakiwa hawapo. Anayetaka kushindana nayo wakati huo hatakuwa na nafasi ya kuanza kujifunza wateja.

Mbele yetu

Mageuzi hayataisha. Kongo imekuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na wenye mitaji wa Nairobi na Dar es Salaam wamekwisha onyesha kwamba njia yao ya kuingia ni kununua au kufungua. Benki Kuu ya Kongo imekuwa ikipandisha kiwango cha chini cha mtaji ambacho benki lazima iwe nacho, na hilo huwasukuma wadogo waungane au wauzwe. Tutaona vibao vingine vikishushwa. COOPEC zenyewe zitasukumwa kuungana, na siku hiyo ninyi ndio mtakuwa kampuni iliyo katika mageuzi, na mtu wa AVEC ndiye atakuwa akiwatazama kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa hiyo nina ombi la kazi. Kila chama kilichowakilishwa hapa kichague aina moja tu ya mteja, iwe wachuuzi wa sambaza, wasukuma chukudu (baiskeli za mbao za mizigo), walimu au washonaji, na kwa miezi sita kiandike daftari lile nililosema: majira, wadhamini, sababu za kuchelewa. Kisha kiandike mkopo mmoja unaofuata daftari hilo. Wanafunzi wa biashara mliokaa nyuma, mnatafuta mada za kazi zenu za mwisho wa masomo kila mwaka. Mada ni hiyo, na vyama viko mbele yenu, ombeni anwani kabla hamjatoka. Waandalizi wameniahidi kwamba tutakutana tena mwakani. Mje na madaftari, tuyafungue mezani, tuone ni mikopo mingapi imelipwa kwa wakati na mingapi haikulipwa.

 Maswali sasa, na ningependa wamama wa Kituku waanze, kwa sababu kuhusu mbalamwezi wanaweza kunisahihisha.